Rufaa kwa Mheshimiwa Kifungu cha 148(5)

Kwa Mheshimiwa Kifungu cha 148(5),
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20,
Tanzania.

YAH: RUFAA DHIDI YA DHAMANA ILIYOKATALIWA BILA MTU KUIKATAA

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua sheria yako ni ya mwaka 1985 na mimi nimekutangulia kuzaliwa, lakini mwenye ufunguo wa mahabusu huamkiwa na wote.

Siku mpwa wangu aliposomewa shtaka la utakatishaji fedha, nilifika mahakamani mdhamini kamili. Bahasha ya kaki kwapani. Ndani yake barua ya serikali ya mtaa, muhuri umelowa wino mpaka jina la mwenyekiti halisomeki, picha ndogo mbili, kitambulisho cha taifa na hati ya kiwanja cha marehemu baba. Hakimu akasema mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote, kwani mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Wakili wa Serikali akasema upelelezi haujakamilika. Kesi ikaahirishwa, itatajwa baada ya siku 14. Bahasha haikufunguliwa.

Nikauliza nani kamnyima kijana dhamana. Karani akasema si hakimu, ni sheria. Wakili wa Serikali naye akasema si yeye, ni sheria. Askari wa karandinga akasema, "Mzee, sogea." Ndipo nikajua wa kumwandikia ni wewe. Wenzetu hukata rufaa kupinga sababu za hakimu. Sisi hatukupewa sababu, tumepewa namba.

Orodha yako ya makosa yasiyo na dhamana naiheshimu: mauaji, uhaini, ugaidi, wizi wa kutumia silaha, dawa za kulevya. Ila hilo la utakatishaji linanitatiza. Inasemekana fedha zimetakata. Mbona anayechakaa ni mtuhumiwa?

Pokea pia pongezi zangu za mwaka 2020. Mwezi Mei Mahakama Kuu ilisema unakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakukatia rufaa, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakurudishia heshima yako. Miezi mitatu tu! Mahabusu wanakuonea gere. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho, waliokuwa na shtaka la ugaidi, walikaa ndani miaka mingi mpaka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alipoamua kuyaondoa mashtaka. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Mama yake akafariki yeye akiwa mahabusu, na ruhusa ya kwenda kumzika hakupata. Alitoka Februari 2020 baada ya kuafikiana na waendesha mashtaka na kulipa fedha. Kumbe mlango una bei, ila bei hiyo haiitwi dhamana.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Nadhani nyinyi wawili hamjawahi kukutana, ingawa mnaishi nchi moja. Na hapo ng'ambo ya mpaka wa Namanga, Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu hata mshtakiwa wa mauaji kuomba dhamana, mradi pasiwe na sababu nzito za kumzuia. Sababu hizo mahakama huzipima, kisha husema ndiyo au hapana, na anayeambiwa hapana hujua amwendee nani kulalamika.

Mheshimiwa, sikuombi uwafungulie majambazi. Wapo wasiostahili kutoka, na kama mpwa wangu ni mmoja wao, hakimu aseme hivyo kwa kinywa chake na atoe sababu. Ombi langu ni dogo: mruhusu hakimu aifungue bahasha.

Naja nayo tena tarehe ya kutajwa. Barua ya mtaa imeshapitwa na wakati mara mbili, na kila nikienda kuomba nyingine mwenyekiti huniuliza kama upelelezi umekamilika.

Wako mtiifu,
Mdhamini asiyehitajika

Nakala: Mheshimiwa Upelelezi (akabidhiwe atakapokamilika).