Namna ya Kufuga Ugaga Ukiwa Lushoto

Daktari wa meno hatembelewi, hupelekewa. Unampelekea shavu lililovimba, limefungwa kitenge, unamwonyesha kwa kidole, anang'oa, mnaagana. Kumwendea huku huumwi popote ni kujitafutia uchuro. Jino likianza kugonga usiku, bana karafuu hapo, maana za Amani zipo. Maumivu yakitulia, hesabu umepona.

Sasa ufugaji wenyewe. Baridi ya Magamba inadai chai, na chai haidai vijiko pungufu ya vitatu vya sukari. Kunywa, kalale hivyo hivyo; maji ya kusukutua yana barafu. Ule utando laini wa jana, usiposuguliwa, chumvi za mate huugandisha taratibu ukawa jiwe ambalo mswaki hauliwezi. Zizi zuri ni nyuma ya meno ya mbele ya chini, jirani na mate yanapotokea. Pitisha ulimi. Ukikuta mianya yote imezibwa na kitu kama tuta, hongera. Miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha wazee wetu kulima matuta milimani, wakagoma mpaka mpango ukafa. Sisi wajukuu tumeyalima kinywani kwa hiari.

Ukitema damu, lawama ni za mswaki mgumu.

Atatokea mwenye kiherehere akwambie mtu mzima husafishwa meno kila miezi sita. Mbishie kwa sayansi. Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya, wa mwaka 2004 unasema mtu mzima apangiwe kuonwa baada ya miezi 3 hadi 24, kwa kadiri ya hali ya kinywa chake. Mwaka 2018 mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane yakaona kwamba kukwanguliwa kila miezi 6 au 12 hakukuleta tofauti ya maana kwenye fizi, kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkubwa wa fizi na wanaomwona daktari wa meno mara kwa mara. Unaponukuu, ishia kwenye neno "fizi" la kwanza. Hayo yanayofuata yanaharibu hoja. Wala usitaje kwamba mvuta sigara na mwenye kisukari huitwa mapema kuliko wengine, kijiweni wamo.

Mimi nilisaliti kambi mara moja. Nikapanda kosta hadi kwa daktari wa meno, nikalala kitini mdomo wazi, chuma kikakwaruza, kipande cha rangi ya ugoro kikadondoka kwenye kisahani: tk! Nikavuta pumzi, upepo ukapita kati ya meno mahali ambapo haukupita miaka mingi.

Nyumbani mama mkubwa akanipokea mlangoni.

"Kang'oa lipi?"

"Hajang'oa, mama. Kasafisha."

"Yote yamo?"

"Yote."

"Na hela ukampa?"

Niliambiwa nirudi baada ya miezi sita. Huu ni wa kumi na tisa, na ulimi umeshaanza kugusa tuta.