Mwanga kwa Dola, Giza la Bure

Wauza vioo vya kamera wote wana kiapo kimoja: kioo chao kinang'aa zaidi. Kuliko kipi, hawasemi. Mimi hapa Opala bado napiga picha kwa kamera ya mbao ya sahani za sentimita 13 kwa 18, ile ya kujifunika kitambaa cheusi, na lenzi yake hata ukiifungua yote haipiti f/6.8. Msimamishe mtu chini ya mwembe saa kumi na moja jioni, kisha ingia kitambaani utazame kioo cha ukungu, kile cha nyuma kinachopokea picha: pembe nne nyeusi tii, katikati shati, tena juu chini. Uso wa mwenye shati utaukisia.

Mteja naye hana subira. "Papa, umelala humo ndani?" Sijalala, mama. Natafuta jicho lako.

Kule Kisangani kila mwenye mdomo ananishauri niweke Fresnel. Ni bamba la plastiki lenye mistari ya duara, linalokamata mwanga unaotorokea pembeni na kuurudisha machoni pako. Mfaransa Augustin Fresnel aliibuni lenzi ya namna hiyo kwa minara ya baharini, na ya kwanza ikawashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823 ili meli zisigonge miamba. Mimi sina meli, nina mabwana harusi, na wao wakigonga mwamba ni shauri lao.

Pembe zinang'aa, sikatai. Lakini sogeza kichwa kidogo tu, mwanga nao unahama. Weka kioo cha kukuzia uhakikishe kope zimekaa sawa, utahesabu duara za plastiki, kope huzioni. Tena bamba lina mahali pake. Likikaa upande wa jicho, nyuma ya kioo cha ukungu, hakuna neno. Likiingizwa kati ya kioo na lenzi, fokasi inahama kiasi cha theluthi ya unene wake. Hilo muuzaji halitaji. Anataja bei.

Na bei hiyo haina nauli ndani yake. Bamba lishuke mto Kongo hadi Isangi, ndipo lipande Lomami mpaka huku, juu yake gunia la chumvi, juu ya gunia abiria anayekoroma. Plastiki ikishachubuka, imekwisha. Kioo cha kawaida kikivunjika nachukua kipande cha kioo cha dirisha, napaka ile dawa ya kusagia valvu ya mafundi wa pikipiki, nasugua kwa kioo kingine hadi mabega yaume na ukungu ulingane kotekote. Upande uliosuguliwa utazame lenzi, basi.

Mwenye dola na atafute lenzi ya f/4.5 inayofunika sahani nzima: inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya hii yangu. Asiye nazo ashone kitambaa cha tabaka mbili kisichopenya jua, alipe jicho muda wa kuzoea giza kabla ya kukitukana kioo. Nanyi wateja wangu, njooni mapema, jua likiwa bado lipo.