Jua la Nusu

Mwaka 2003, katika ukumbi wa mitambo wa Tate Modern mjini London, jengo ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme, msanii Olafur Eliasson alitundika jua ambalo kwa hakika lilikuwa nusu tu, kwani nusu ya pili ilikuwa taswira yake katika vioo vilivyofunika dari. Taa zake zilitoa mwanga wa rangi moja, yaani wa aina isiyolipatia jicho nafasi ya kutofautisha rangi nyingine, hivyo hata koti jekundu la bei mbaya lilionekana ama la manjano ama jeusi. Nao ukungu ulitengenezwa kwa maji na sukari. Zaidi ya watu milioni 2 walifika, na wengi walilala chali sakafuni wakipunga mikono ili wajitambue darini miongoni mwa maumbo madogo yaliyofanana. Wajuzi waliiita kazi hiyo uchunguzi wa namna mtu anavyojiona akiona, na pengine ndivyo. Jua hilo lilizimwa Machi 2004. Lile la nje, lisilohitaji mfadhili wala fundi, bado linapatikana London, mawingu yakiruhusu.