Rubani wa Muleba

Kuna kijana pale Muleba karuhusiwa na mama yake kurusha ndege ya kwenye kompyuta sebuleni, kwa sharti asichukue tena stuli ya jikoni. Usukani kautengeneza kwa bomba la plastiki, na kinachourudisha katikati ni vipande vya tyubu ya baiskeli. Kitufe cha kuongezea sauti, alichokinyofoa kwenye redio ya babu yake, ndicho kilichokuwa kikiiambia kompyuta usukani umezungushwa kiasi gani. Kikaingia vumbi, ndege ikawa inatetemeka angani bila upepo. Babu naye, tangu siku hiyo, taarifa ya habari anaisikiliza kwa sauti moja tu.

Sasa bwana mkubwa kaboresha: kaweka sumaku na kihisio, vitu visivyogusana, kwa hiyo havisagiki. Anatua Bukoba akitokea juu ya Ziwa Victoria, laini kabisa, labda umeme ukatike.

“Baba, kama safari imeahirishwa,” mama humwambia gizani, “njoo unimenyee ndizi.”

Bukoba yenyewe huwa anakwenda kwa Hiace, kabanwa mlangoni. Nauli ya ndege ya kweli hadi Mwanza alikuwa nayo; kainunulia pedali za ile ya sebuleni.