Ngeli za Bernadette

Wanasarufi wamekwisha kuzipanga nomino zote za Kiswahili katika ngeli, kuanzia mtu hadi mahali. Watakatifu hawajawagusa. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo kwa kumchambua Bernadette Soubirous wa Lourdes, Ufaransa, ambaye watu wa zama zake walimhamisha ngeli kuliko nomino yoyote tuijuayo.

1. KI-VI. Tarehe 11 Februari 1858 kibinti huyu wa miaka 14, mgonjwa wa pumu, alikwenda na mdogo wake na rafiki yao kuokota kuni. Kwao walikuwa watu sita katika chumba kimoja, kilichokuwa mahabusu hadi kikaonekana hakifai hata kwa wafungwa. Penye pango la Massabielle aliona jambo. Alipoulizwa aliona nini, hakusema Bikira wala Mama. Kwa lugha ya kwao alisema *aquero*, yaani “kile”. Punde mji ulikuwa umeshaamua kwamba ni A-WA. Shahidi pekee aling’ang’ania KI-VI. Huo ndio uangalifu wa kitaaluma: usimpe mtu ngeli kabla hajajitambulisha.

2. LI-YA. Ngeli ya maswali. Kamishna wa polisi, Jacomet, alimhoji tarehe 21 Februari, akaandika, kisha akamsomea maelezo yenye makosa ya kutegeshea. Binti asiyejua kusoma akamsahihisha kosa moja baada ya jingine. Paroko Peyramale alidai mawili: jina, na waridi lichanue pangoni wakati wa baridi. Yote mawili LI-YA. Kabla ya hapo, tarehe 25 Februari, Bernadette alichopata ni matope: alichimba chini kwa mikono, akanywa maji machafu, akapaka uso. Watu waliofuata muujiza wakarudi nyumbani wakisema mtoto amerukwa na akili. Matope yale yakatulia, yakawa chemchemi.

3. KU. Tarehe 25 Machi jina lilipatikana. Bernadette alilirudiarudia njia nzima asilisahau, kama mtoto aliyetumwa dukani, kisha akalitua mbele ya paroko bila kulielewa. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, aliyemtokea alikuwa amesema kwamba yeye ni Kutungwa Mimba Kusiko na Doa. Papa Pius IX alikuwa ameitangaza imani hiyo mwaka 1854, lakini hakuna aliyetegemea ije kwa sarufi ya namna hiyo. Kutungwa ni tendo. Mtu hawezi kuwa tendo. Peyramale alitikisika hapo hasa, kwani mwongo angesema sentensi iliyonyooka. Sisi Waswahili tulilirekebisha kimyakimya: katika sala zetu ni Mkingiwa Dhambi ya Asili. Lourdes walipewa KU, sisi tukairudisha A-WA.

4. I-ZI. Pesa, picha na sanamu. Pesa alizikataa, ingawa kwao njaa haikuwa ngeni. Picha alipigwa, zikauzwa. Sanamu ya marumaru aliichonga Joseph-Hugues Fabisch, ikawekwa pangoni mwaka 1864, Bernadette alipoiona alisema siyo. Wachuuzi hawakuhitaji idhini yake.

5. PA-KU-MU. Tarehe 18 Januari 1862 askofu wa Tarbes alithibitisha kwamba Bikira Maria kweli alimtokea Bernadette. Mahali pakashinda mtu. Leo groto la mawe na saruji utalikuta hata katika viwanja vya parokia zetu: Bikira juu, Bernadeta chini amepiga magoti, mishumaa katikati. Yeye mwenyewe aliondoka Lourdes mwaka 1866 kwenda utawani Nevers, wala hakurudi tena. Wagonjwa walizidi kumiminika kwenye chemchemi, na aliyeifukua akabaki na pumu yake, kisha na goti lililooza kwa kifua kikuu.

6. U-ZI. Hii ndiyo ngeli pekee aliyojichagulia. Huko Nevers, ambako aliuguza wagonjwa na kutarizi nguo za kanisani, alijifananisha na ufagio: ukishamaliza kazi huwekwa nyuma ya mlango. Msomaji wetu hahitaji ufafanuzi. Nyumba gani haina ufagio nyuma ya mlango, na nani humwonyesha mgeni ufagio wake?

Alifariki tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na umri wa miaka 35. Tarehe 8 Desemba 1933 Pius XI alimtangaza mtakatifu. Mwili wake umelazwa Nevers ndani ya jeneza la kioo, uso umefunikwa kwa nta, na mahujaji hupita wakimtazama.

Hitimisho. Makundi matano ya kwanza ni yetu, tuliomtaka awe kisa, jibu, tendo, picha au mahali. La sita ni lake. Tunapendekeza sarufi zijazo zimwandike chini ya U-ZI, zikitaja kasoro moja: ufagio huu, kila ukirudishwa nyuma ya mlango, kuna mtu huutoa na kuuweka sebuleni.