Msailiwa Mtarajiwa

Ndugu yetu anajiandaa na usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na kwa kweli hana mchezo. Yumo kwenye makundi kumi ya WhatsApp, kalipia “maswali yanayotoka”, na simu imejaa PDF hadi haipigi picha. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, anazo nakala tatu. Hajafungua hata moja.

Juni 2014 maelfu ya vijana walijazana Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Yeye funzo alilolipata ni kuwahi kiti. Kukaa na saa mezani ajipime maswali? Hayo kawaachia wasio na mjomba wizarani. Matokeo ya mchujo hutoka kwa namba, si kwa ukoo, lakini nani amwambie? Mjomba mwenyewe, nasikia, kastaafu.