Shujaa Hana Pa Kulala

Ndani ya simu yangu anaishi mwanamume anayeweza kunyanyua kifaru cha jeshi kwa mkono mmoja na kukitupa ng'ambo ya mto. Risasi hazimwingii. Moto haumuunguzi. Jana alipigwa kofi na kibaka, kibaka wa kawaida asiye hata na jina, na tangu hapo amelazwa. Ataruhusiwa kesho adhuhuri. Nikitaka atoke leo ninunue dawa, na dawa inauzwa kwa dola.

Anayetaka kuyaelewa magemu haya ya mashujaa yanayogawiwa bure asianzie kwenye picha zake za kupendeza. Aanzie hapo wodini. Watengenezaji walikaa wakawaza ni kitu gani binadamu hana akiba yake, wakaona ni subira. Basi wakampa mchezaji kila kitu bure, halafu wakamuuzia kutokusubiri.

Kwa wale ambao usingizi wao bado uko salama, nieleze kidogo. Kwenye kioo cha simu kuna vito vya rangi, nane kwenda chini na nane kwenda pembeni, jumla 64. Unasogeza kimoja hatua moja. Vikikaa vitatu vya rangi moja kwenye mstari, vinapasuka, na vya juu vinashuka kujaza pengo. Juu yake wamesimama mashujaa wako watatu, wanatazamana na waovu watatu. Ukipasua vyekundu unakusanya nguvu nyekundu. Zikitosha, Mzee Nyundo anashusha nyundo yake. Za bluu ni za Bibi Radi. Za kijani ni za Mzee Kichwa, jitu lenye kofia ya chuma linalopiga adui kwa kichwa na kujiumiza lenyewe katika kazi hiyo. (Majina haya ni ya nyumbani kwetu. Yale ya kwenye vitabu vya katuni yana wenyewe Marekani, na mawakili wao hulipwa kwa saa. Hata gemu lenyewe silitaji. Lina ndugu wengi, na tabia zao ni moja.)

Ukoo wake ni mrefu kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 1994 Mrusi Eugene Alemzhin alitengeneza Shariki, mipira ya rangi kwenye kompyuta za DOS, hakuna shujaa, hakuna duka. Mwaka 2001 PopCap wa Marekani wakatoa Bejeweled, na makarani wa dunia nzima wakapata kitu cha kufanya bosi akiwa mkutanoni. Mwaka 2007 ikaja Puzzle Quest, iliyochanganya vito na vita, kwamba ukipanga vizuri mtu anaumia. Oktoba 2013 mashujaa wa Marvel wakaingia uwanjani na Marvel Puzzle Quest. Katikati ya hayo, mwaka 2009, Apple ilikuwa imeruhusu programu za bure kuuza vitu ndani yake, na hapo ndipo neno bure lilipopata kazi mpya. King, waliotengeneza Candy Crush Saga, gemu la kupasua peremende, mwaka 2012, walinunuliwa na Activision Blizzard mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9. Mimi ni mhasibu. Nimeyasikia maelezo mengi ya fedha zilikotoka, lakini dola bilioni 5.9 kutokana na peremende ambazo kuzipasua ni bure, hilo hata mkaguzi wetu wa ndani angevua miwani.

Utamu wake uko hapa: humo ndani hakuna tatizo lisiloisha kwa kusogeza kitu kimoja hatua moja. Nje ya simu mambo hayaendi hivyo. Nashinda ofisini nikisawazisha hesabu za idara ambayo risiti zake zimeloa mvua. Nikirekebisha namba hapa, mbili zinaharibika kule. Kwenye simu nasogeza kito cha njano, vitatu vinapasuka, vya juu vinashuka na kukuta wenzao, navyo vinapasuka, vinashuka vingine, radi, kelele, namba zinaruka juu ya kichwa cha adui, adui anaanguka, na mimi sijagusa tena. Bahati tupu. Lakini mashine inaandika kwa herufi kubwa kwamba nimefanya kazi nzuri sana, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyenipa taarifa hiyo wiki hii.

Adui naye ana zamu yake. Yeye akipata mteremko wa namna hiyo, vito vikadondoka na kupasuka mpaka Bibi Radi akazimia, hiyo si bahati. Huo ni wizi. Sijakutana na mchezaji anayeamini vinginevyo.

Tuzungumzie makazi, maana huko ndiko kuna kisirani chenyewe. Kila shujaa anahitaji chumba. Vyumba vya mwanzo unapewa. Baada ya hapo kila chumba kinalipiwa kwa vito maalumu, na kinachofuata ni ghali kuliko kilichotangulia. Shujaa mpya ukimpata bila kuwa na chumba, anasimama mlangoni na saa inayohesabu kurudi nyuma. Siku zikiisha anatoweka, au unamuuza kwa visarafu visivyotosha hata kumwongezea mwenzake nguvu. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayedai kodi ya miezi sita mbele angalau anakuachia ufunguo, na hakuletei wapangaji usiowaomba saa nane za usiku. Hawa wa gemu wanakuletea. Wanakupa bure mtu anayepasua milima, wanapiga tarumbeta, wanarusha karatasi za rangi, halafu wanauliza kwa upole utamlaza wapi. Mtu wa Pwani anafanyaje? Umfukuze mgeni?

Sijatoa hata senti tano, na hilo naomba liandikwe. Kifurushi kikubwa dukani humo kinauzwa dola 99.99, na nimekitazama kwa dharau kila kinapoletwa. Bando linaloteketea ni la kazi. Umeme wa chaja ni wa nyumba nzima. Pawabenki nilinunua kwa ajili ya dharura, na anayesema Mzee Nyundo kuzimika katikati ya pambano la mwisho si dharura hajawahi kufika pambano la mwisho. Katika daftari la matumizi ya nyumbani yote hayo yamo chini ya "mengineyo", fungu halali kabisa kihasibu, ingawa mke wangu ameanza kuuliza kwa nini mengineyo yanakaribia kuwa sawa na mchele.

Yeye ni muuguzi, na uhusiano wake na gemu hili ulianza vibaya. Usiku mmoja nimelala, simu ikawaka, arifa ikajitokeza katikati ya kioo kwa Kiingereza kilichonyooka: fulani, jina la kike, amepona kabisa na ananisubiri. Nikaamshwa.

"Baba watoto, huyu nani?"

"Ni shujaa."

"Shujaa wa nini?"

"Wa radi."

Kimya. Kisha: "Alikuwa anaumwa nini?"

"Alipigwa."

"Na nani?"

"Na roboti."

Aliitikia "Ehee" kwa ile sauti anayowatunzia wagonjwa wanaodai waliteleza bafuni. Nikafungua gemu ili nijitetee kwa ushahidi. Bibi Radi akatokea, mzima wa afya, mikono juu, upepo unampepea. Mke wangu akamtazama kutoka viatu mpaka nywele, na nikaona kesi inazidi kuharibika. "Na vita," akasema, "ndiyo vinapiganwa na nguo hizo?" Tangu siku hiyo arifa zimezimwa, na Bibi Radi akipona anapona kimyakimya.

Sasa tokeni. Huwezi kumchagua shujaa unayemtaka. Unapata tokeni, unaifungua, kinatoka kinachotoka. Wajapani ndio walioingiza mtindo huu kwenye simu, wakiuazima kutoka mashine zao za barabarani zinazotema vitoto vya sanamu ndani ya vidonge vya plastiki, na mwaka 2012 hao hao wakaupiga marufuku uliokuwa mkali kupita kiasi, ule wa kukulazimisha ukamilishe seti nzima ndipo upate zawadi kuu. Ubelgiji mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi ikasema masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ni kamari. Apple tangu mwishoni mwa 2017 inataka uwezekano uandikwe wazi. Basi umeandikwa. Shujaa wa daraja la juu: asilimia moja. Mtu wa kawaida akisoma hapo anajiambia, vizuri, nikifungua tokeni 100 nitampata. Mimi nilikaa na kikokotoo. Watu 100 wakifungua tokeni 100 kila mmoja, takriban 37 kati yao watabaki mikono mitupu. Hesabu hiyo haina shaka, nimeirudia kwa njia mbili. Haikunisaidia chochote.

Maana hesabu ni ya mchana. Usiku, tokeni ikiwa mkononi, mtu ana mambo yake. Mimi siifungui kabla ya kunawa. Siifungui Jumatatu. Nafungua kwa dole gumba la kushoto, simu imeelekea dirishani, na ikiwa ni tokeni ya maana namwita mtoto wetu wa mwisho aguse yeye, kwa kuwa ana mkono wa baraka. Alishawahi kumtoa Mzee Nyundo akiwa hajaanza hata kusema maneno mawili mfululizo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, mwaka 1948 aliandika juu ya njiwa wanane aliowaweka kwenye masanduku, chakula kikiletwa kila baada ya muda maalumu bila kujali njiwa anafanya nini. Sita kati yao wakajitungia matambiko. Mmoja alizunguka sanduku kinyume cha saa, mwingine akawa anasukuma kichwa kwenye kona ya juu, kila mmoja akiamini hicho ndicho kinacholeta punje. Nilimsomea mke wangu habari hiyo kwa sauti, tukacheka sana. Akauliza kama kuna njiwa aliyemwita mwanawe aguse.

Zaidi ya yote kuna kikosi. Gemu linakuunganisha na wachezaji wengine mpigane pamoja kwenye mashindano, na kikosi changu kina watu wa Brazili, Ufilipino, na kiongozi wa Marekani anayeandika kwa adabu inayotisha. Shindano hufungwa saa sita usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwa Dar es Salaam hiyo ni saa moja asubuhi, yaani daladala la kutoka Tegeta likiwa limejaa mpaka mlangoni. Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, vita vinahama kutoka kwenye daladala vinaingia ofisini, saa mbili kamili, ninapotakiwa kuwa nasaini daftari la mahudhurio. Hakuna ofisa utumishi nchini anayeweza kuelezwa hilo akalielewa.

Mimi nashukia Sayansi. Asubuhi za fainali napitiliza, nashukia Morocco. Si kwamba konda hapazi sauti, anapaza, "Sayansi wapo?", na abiria mzima kama mimi anasikia kabisa, lakini pale ndipo jitu la mwisho limebakiza damu kidogo na ubao umekwama, hakuna vitatu popote. Siku moja mama mmoja mtu mzima, niliyemwamkia vizuri wakati wa kukaa, alikuwa akitazama kioo changu tangu Mwenge kwa uso wa mtu anayetazama kuku akishindwa kuvuka barabara. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, si hizo za kijani hapo kona."

Kweli, zilikuwepo. Nikasogeza. Mzee Kichwa akaruka, akampiga jitu kichwa cha uso, jitu likaanguka, na Mzee Kichwa mwenyewe naye chali, taabani, wodini. Kikosi kikashika nafasi nzuri kuliko wakati wowote. Kiongozi akanipongeza mbele ya wote. Konda akanitazama: "Braza, si ulisema Sayansi?" Yule mama akamjibu kwa niaba yangu, "Muache, alikuwa na kazi."

Zawadi ya ushindi ilikuwa shujaa mpya. Anapita kwenye kuta, anasoma mawazo, na hadi jana usiku alikuwa amesimama mlangoni, saa yake ikihesabu. Vito vya kulipia chumba sina. Nimeitisha kikao cha familia. Mtoto wetu wa mwisho hataki kusikia habari za kumuuza Mzee Nyundo. Mke wangu anapendekeza Bibi Radi, na ameshanieleza kwamba sababu zake ni za kitaalamu tu. Mimi namwangalia Mzee Kichwa, aliyelala wodini siku nyingi kuliko wenzake wote wawili, ambaye akishinda analazwa na akishindwa analazwa. Nilibonyeza kitufe cha kumuuza ili nione bei. Sarafu mia tano. Yule wa mlangoni, akipanda daraja moja tu, anahitaji maelfu.